Nilimchongea mwenzangu kwa sababu ya kimya chake, na sasa anamlaumu mtu mwingine

Mama Mshauri, salamu.

Ninakuandikia saa saba ya usiku, watoto wamelala na umeme umerudi sasa hivi. Naomba usiandike jina langu wala la shirika ninalofanyia kazi. Nina miaka 36, ninaishi Ibanda hapa Bukavu, na huu ni mwaka wa nne nikiwa msimamizi wa timu ndogo inayofuatilia bei za vyakula. Kila wiki maajenti wetu wanazunguka masoko wakiuliza bei ya unga wa mihogo, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi na sabuni. Majibu wanayaandika kwenye simu, ndani ya KoboCollect, programu ya kujazia fomu. Simu ikipata rezo, fomu zinanifikia. Mimi nazikagua na kutuma ripoti.

Zamani sote tulikuwa ndani ya biro moja. Watu tisa, vyumba viwili, termosi moja ya chai. Hata aliyekwenda tereni alirudi jioni, akavua viatu vyenye matope mlangoni na kuanza kusimulia. Tangu vita ilipoingia mjini Februari 2025, hayo yamekwisha. Shefu na mhasibu walikwenda Kinshasa, mwenzetu mmoja yuko Bujumbura, mwingine Uvira. Kaka P., ambaye ni mzaliwa wa Idjwi, alirudi kisiwani na familia yake na anafanyia kazi huko. Bukavu tumebaki wanne. Na wengine tunakutana kwenye simu kila Jumatatu, saa tatu ya Kinshasa, yaani saa nne yetu, na nusu ya kikao inaishia kwenye "Mnanisikia?" na "Unakatika, rudia."

Kaka P. tuliketi naye meza moja kwa miaka mitatu. Nilipofiwa na baba, alikuja matangani siku zote, akikesha nasi hadi asubuhi kwenye vile viti vya plastiki. Kila akitoka kwao alikuja na ndoo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akamgawia kila mtu, hata mlinzi wa mlangoni. Koti lake la mvua liko mpaka leo nyuma ya kiti chake.

Sasa sikia nilichokifanya.

Agosti alinyamaza. Jumatatu hakuingia kikaoni. Nikamwandikia, nikaona tiki moja. Jumanne, tiki moja. Jumatano zikawa mbili, lakini hazikugeuka bluu, kisha kimya tena. Mama C., ambaye meza yake iko karibu na yangu, akasema, "Huyo amezoea mshahara wa bure." Wengine wakacheka, nami sikusema neno. Ijumaa usiku fomu zake zikafika, 32, zote ndani ya dakika sita. Hakuna mtu anayeweza kuuliza bei 32 kwa dakika sita. Nikasema moyoni: amekaa chini ya mti nyumbani kwake, amezijaza mwenyewe. Ripoti ilitakiwa Jumamosi, shefu ananipigia kila saa, nimechoka. Nikamwandikia: "Nina mashaka na data za Idjwi. Nadhani zimebuniwa." Sikuandika zaidi. Shefu akamkata primu (nyongeza ya mshahara) ya mwezi, akampelekea barua ya onyo bila kumwambia habari imetoka wapi.

Wiki mbili baadaye nilikutana na mke wake pale Nyawera. Alikuwa amevuka kuja kutafuta dawa. Akaniambia mtoto wao alilazwa kwa malaria mpaka akaongezewa damu. Usiku kaka P. alilala hospitalini, mchana alitembea masokoni kwa miguu. Mnara wa simu wa upande wao ulikuwa umezimika. Ijumaa alipanda mlima usiku na tochi, huko juu ndipo simu ikakamata.

Nilirudi biro nikalifungua tena lile jedwali. Mama, kuna safu inayoonyesha saa ambayo kila fomu ilianza kujazwa. Sikuwa nimeitazama. Fomu ya kwanza ilianza Jumanne, saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi. Ya mwisho, Ijumaa saa kumi alasiri. Zimetawanyika siku nne, soko baada ya soko. Zilikuwa mbele ya macho yangu tangu ile Ijumaa.

Nilimwandikia shefu kwamba nimekosea. Akajibu, "Tutaona mwezi ujao." Primu haijarudi.

Yanayoniondolea usingizi ni mawili. La kwanza: kaka P. hajui kwamba ni mimi. Anaamini ni Mama C. Kikaoni hamsalimii tena. Mimi ndiye ananiandikia, "Dada, huko biro wewe peke yako ndiye unanijua." Kila nikisoma maneno hayo tumbo linanikata.

La pili: kwa sababu ya ile barua yangu, shefu ameleta mwongozo mpya. Kila ajenti aliye mbali atume kwa simu mahali alipo, kila baada ya saa moja, na kikaoni kamera iwake. Sisi wa biro hautuhusu. Natakiwa kuusaini na kuupeleka kwa wote kabla ya mwisho wa mwezi. Nikiusaini, naona ninamchapa kaka P. mara ya pili. Nikikataa, shefu atasema msimamizi mwenyewe hajui anachotaka.

Kuna pesa kidogo za mafunzo zimebaki kwenye bajeti. Zinatosha ama kutukutanisha kwa siku mbili, ama kuwanunulia maajenti mega (bando za intaneti) za miezi kadhaa, si vyote viwili. Nimwambie? Nisaini? Hizo pesa nizifanyie nini? Na hivi, timu isiyoonana inaweza kuaminiana tena kweli?

Asiyelala, Ibanda

*

Mdogo wangu Usiyelala,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama pale kwenye koti la mvua. Miezi imepita, kiti hakina mtu, watu wanne mnabanana vyumba viwili, na hakuna aliyelitundua. Nimeanza na hilo kwa sababu kila aya ya barua yako unajihukumu, nami sitaki kuongeza fimbo juu ya hizo unazojichapa mwenyewe.

Nakuelewa hivi. Ulitakiwa kutoa ripoti, mwenzako akanyamaza, fomu zikaja kwa namna ya kutiliwa shaka, nawe ukapeleka shaka yako juu kabla ya kuipeleka kwake. Umekuja kujua ukweli, umejaribu kurekebisha, lakini maneno yako yamekwisha kuota mizizi Kinshasa, yamezaa adhabu, na sasa yanazaa mwongozo. Wewe umeandika mambo mawili. Mimi nimehesabu matatu, kwa sababu Mama C. umempitisha ndani ya jambo la kwanza kama mtu anayepita uani. Nitarudi kwake.

Kwanza nizungumze juu ya kimya, maana ndipo kila kitu kilipoanzia.

Mwaka 2001 mtafiti mmoja wa Marekani, Catherine Cramton, alichapisha uchunguzi wake juu ya timu 13 za wanafunzi waliopewa kazi ya pamoja huku wakiwa mbali mbali, wakiwasiliana kwa kompyuta. Kimoja kati ya vitu vilivyowasumbua sana kilikuwa hiki cha kwako: mtu akinyamaza, wenzake hawajui anasema nini. Wakati mwingine kimya kilikuwa "nimekubali." Wakati mwingine kilikuwa "sikubaliani kabisa." Mwingine alikuwa safarini, mwingine ujumbe haukumfikia. Lakini wenzake hawakuacha pengo wazi, walilijaza. Na walilijaza kwa tabia ya mtu: ni mvivu, hajali, si wa kutegemewa. Hali aliyokuwa nayo hawakuiona, basi wakaona yeye tu.

Linganisha na biro yako. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na Mama C. asimalize jedwali lake, nani atasema ni mvivu? Hakuna, kwa sababu mko gizani pamoja. Mvua ikinyesha na njia ya Kadutu ikawa matope, aliyechelewa hahitaji kujieleza, viatu vyake vinaeleza. Kaka P. alikuwa na giza lake na matope yake, tena mazito kuliko yenu, ila yalikuwa ng'ambo ya maji.

Kwa hiyo niruhusu nikuulize swali moja kwa upole. Umeandika kama vile upande wa biro imani ipo, na upande wa mbali imevunjika. Una hakika? Mama C. alipomsema mwenzake na wengine wakacheka, wewe hukusema neno. Je, kila aliyekuwa mezani hakujiuliza, siku moja na mimi nikinyamaza nitachekwa hivi? Na Mama C. akijua kwamba anabebeshwa kosa ambalo wewe unajua si lake, naye mnaonana kila siku, uso kwa uso, mnakunywa chai ya termosi moja? Kuonana kunasaidia sana, sikatai. Lakini watu wanaweza kuketi bega kwa bega na wasiaminiane, na naogopa usije ukatumia pesa zote kununua kuonana ukidhani umenunua imani.

Swali la pili ni juu ya lile jedwali, maana naona umehama kutoka safu moja na kuiabudu nyingine. Saa ya kufika kwa fomu inaandikwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya Bukavu kwa saa mbili. Kinshasa wako nyuma yenu kwa saa moja. Basi fomu ileile ina saa yake kwenye jedwali, saa yake kwa shefu na saa yake kwa kaka P. mlimani, na kila anayeitazama anaweza kusimulia hadithi tofauti. Saa ya kuanza fomu nayo inatoka kwenye simu ya ajenti. Simu ikiwa na saa mbovu, safu inasema uongo bila mtu yeyote kudanganya. Safari hii imemtetea. Safari nyingine inaweza kumchongea mtu asiye na kosa. Namba za namna hii ni sababu nzuri ya kumpigia mtu simu na kumwuliza, "Kaka, nieleze wiki yako ilikuwaje?" Simu hiyo haikupigwa, na rezo ikiwa haipo, ilibidi kungoja siku mbili tatu. Ripoti ingechelewa. Najua kuchelewesha ripoti kuna gharama yake, na aliyekuwa akipigiwa kila saa ni wewe.

Tena nisikufanye mwovu. Kutia shaka data kulikuwa kazi yako. Bei hizo kuna watu wanazitegemea kuamua nani asaidiwe na kwa kiasi gani, na fomu za kubuni zingewaumiza wenye njaa. Mimi sioni kosa kwenye shaka. Naona njia iliyopita, ikamruka mwenyewe.

Sasa, kumwambia au kutomwambia.

Ukimwambia, kuna hatari ambazo lazima uzitazame machoni. Anaweza kukasirika na asirudi. Anaweza kuandika Kinshasa. Anaweza kuwaambia wote Jumatatu ijayo, na usimamizi wako ukatikisika. Jiulize pia unamwambia kwa ajili ya nani. Kuna toba inayomtua mkosaji mzigo na kumtwisha aliyekosewa: wewe utalala, yeye atakesha. Mtoto wake amepona kabisa? Ana nguvu ya kupokea habari hiyo sasa? Hayo huwezi kuyajua kutoka Ibanda.

Usipomwambia, unaweza kumsaidia kimya kimya: kufuatilia primu hadi irudi, kumtetea waziwazi, kuhakikisha ile barua ya onyo inafutwa. Wengine wangesema inatosha, na sitawaita waoga. Lakini barua pepe yako ipo. Shefu anaijua, mhasibu aliyekata ile primu huenda naye anaijua, na wewe umeishi Bukavu kunizidi, unajua habari inavyovuka maji. Akiisikia kwa mwingine, atakachokipima si ile Ijumaa ya Agosti tena. Atahesabu kila "wewe peke yako ndiye unanijua" aliyokuandikia nawe ukaipokea. Wasomi watatu, Mayer, Davis na Schoorman, waliandika mwaka 1995 kwamba tukimpima mtu wa kumwamini tunatazama uwezo wake, nia yake njema kwetu, na uadilifu wake. Uwezo wako hakuutilia shaka kamwe. Kosa la Agosti linagusa nia njema, na nia njema inaweza kuombewa msamaha na ikarudi. Kimya cha sasa kinagusa la tatu, na kila mwezi unaopita kinaligusa zaidi.

Umenidokeza njia ya katikati bila kuitaja: kumwambia tu kwamba si Mama C. Iangalie vizuri. Atauliza, "Basi ni nani?" Hapo utakuwa umefungua mlango nusu na kusimama kizingitini, na ninahofu ni mahali pabaya zaidi pa kusimama.

Kama utaamua kusema, namna nayo ina uzito. Ujumbe wa maandishi unasomwa mara ishirini, kila mara kwa sauti tofauti, tena unaweza kutumwa kwa watu. Sauti ya simu inabeba pumzi na majuto, ila inakatika, na kukatika katikati ya neno "nisamehe" si jambo dogo. Kuvuka kwenda Idjwi kunampa uso wako. Lakini msimamizi akitua kisiwani bila sababu, watu watasema amekuja kumkagua, na yeye mwenyewe anaweza kufikiri hivyo hadi utakapofungua mdomo. Kuna watu pia wanaopenda kuandikiwa, wapate nafasi ya kukasirika peke yao bila kutazamwa. Wewe ndiye uliyeketi naye miaka mitatu. Alikuwa anakasirika vipi?

Tuje kwenye mwongozo. Naomba umtazame shefu kwa jicho lilelile ambalo ungetamani ungemtazamia kaka P. Naye yuko mbali. Bukavu anaiona kupitia sentensi zako, na sentensi mbili ulizomwandikia ile Ijumaa zilimwambia kwamba huenda analipia data za uongo. Amri ya kila saa imetoka kwenye hofu hiyo. Akiendelea kuijua Agosti kwa ile barua ya kwanza na mstari mmoja wa "nimekosea", hofu haitaondoka. Umempelekea zile saa za kuanza za fomu 32? Umemsimulia mlima, tochi, mtoto? Huenda bado hajui.

Hatari za mwongozo wenyewe ni za kweli. Simu inayotuma mahali mtu alipo kila saa inahifadhi ramani ya mizunguko yake, na kwa nyakati hizi na barabara hizi, simu ikishikwa na mtu asiyepaswa kuishika, ramani hiyo inaweza kumtia ajenti mashakani. Kila saa inakula mega na betri, na kamera inakula zaidi, na anayelipia ni yule aliye mahali penye rezo hafifu na umeme haba. Pasipo rezo, hata huo ujumbe hautoki. Ile wiki ya Agosti mwongozo huu usingeleta kitu ila siku nne za kimya kilekile, safari hii kikiitwa kosa la nidhamu. Tena unawachunga watano na kuwaacha wanne, ingawa kwa hao watano shefu na mhasibu nao wako mbali. Wao watatuma?

Nadhani unazijua MUSO zetu, vile vikundi vya kuchangiana na kukopeshana, maana Kivu Kusini ni nadra mtaa usio nayo. Mimi nimekaa kwenye moja miaka mingi. Sanduku lina kufuli, funguo ziko kwa watu mbalimbali, na halifunguliwi mpaka wenyewe wawepo. Pesa zinamwagwa mezani, zinahesabiwa kwa sauti, mbele ya macho ya wote, na mwenyekiti anatoa mchango wake kama muuza nyanya. Tunachungana pale, tena sana! Lakini hakuna anayejisikia kutukanwa, kwa sababu kila mtu anamwona kila mtu. Mwongozo wa shefu ni sanduku ambalo funguo zote ziko Kinshasa.

Kwa hiyo zaidi ya kusaini au kukataa, kuna kumpelekea pendekezo. Hili hapa, ulikate ulipunguze utakavyo. Lile jedwali lifunguliwe kwa timu yote, kila mtu aone fomu za kila mtu, pamoja na saa za kuanza. Kila wiki fomu chache, za biro na za mbali sawasawa, zirudiwe: mtu mwingine apige simu kwa muuzaji au apite sokoni kuhakikisha bei. Na kubwa kwangu ni hili: mkubaliane mapema kimya kina maana gani. Kila mmoja, hata shefu, atoe namba ya pili, ya mke, ya jirani, ya mwenye duka. Mtu akikosekana siku mbili, hatua ya kwanza iwe kupiga namba hiyo kuuliza kama ni mzima, na hakuna neno linaloandikwa kwenda juu kabla ya hapo. Hatari yake ni kwamba shefu anaweza kuona unampinga ukiwa na deni naye. Anaweza kukataa, na utabaki na ileile kalamu mkononi. Unaweza pia kusaini kwa muda wa mwezi mmoja na kuandika mashaka yako chini ya karatasi. Hilo litakulinda wewe kuliko litakavyomlinda ajenti wa Idjwi.

Juu ya pesa nitasema machache. Kukutana siku mbili ni kutamu, lakini nani ataweza kufika? Wa Kinshasa itabidi apitie Kigali na kuvuka Ruzizi, wa Bujumbura ana njia yake na hofu yake, na mnaweza kujikuta mmekusanyika wale ambao tayari mnaonana. Na ukiwakusanya huku siri iko chumbani, nadhani unajua siku hizo mbili zitakuwaje kwako. Mega nazo hazileti imani zenyewe, zinaleta sauti tu. Ila sauti kila siku si haba. Sirkka Jarvenpaa na Dorothy Leidner, waliochunguza timu za wanafunzi wa nchi mbalimbali waliokuwa hawajawahi kuonana, waliandika mwaka 1999 kwamba imani iliweza kuota hata huko. Ilisaidiwa na mazungumzo ya kawaida ya mwanzoni, habari za nyumbani, furaha ya kazi, na baadaye majibu yanayokuja kwa wakati unaotazamiwa. Waliongeza kwamba imani hiyo ilikuwa dhaifu, rahisi kuvunjika. Hilo ndilo jibu ninaloweza kukupa kwa swali lako la mwisho: inawezekana, na haishiki yenyewe. Ninyi mna akiba ambayo wanafunzi wale hawakuwa nayo, miaka ya meza moja, matanga, ndoo ya sambaza. Jumatatu zenu zinaanza na nini siku hizi? Zikianza moja kwa moja na "Fomu ziko wapi?", labda dakika kumi za kwanza zinaweza kurudishiwa watoto, mvua na bei ya boti, kabla hujatumia hata faranga moja ya bajeti.

Narudi kwa Mama C., kama nilivyokuahidi. Alisema neno baya, na amelipa kwa kosa ambalo si lake. Unaweza kuzungumza naye kabla ya kaka P., au baada, au siku moja wote wawili, na kila mpangilio una maumivu yake: ukianza na yeye, siri inapata mdomo wa pili, ukimwacha wa mwisho, ataona hata katika kutubu amewekwa nyuma. Ukiniandikia tena, na natumaini utaniandikia, niambie anaendeleaje. Kwenye barua yako najua shefu anaogopa nini, najua kaka P. anafikiri nini, hata mke wake nimemsikia akizungumza pale Nyawera. Mama C. umemsikilizisha kwangu mara moja tu, akisema lile neno moja, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza ni kwa nini kikaoni hasalimiwi tena, wala yeye anafikiri ni kwa sababu gani.